Modo wa kiwanda cha soli, mama mkwe wake na neno "imeiva"

Ni saa moja kasoro asubuhi, na geti la kiwanda cha soli limefunguliwa upande mmoja tu. Wanawake wawili wanakuja kwa miguu, wameshikana mikono. Mmoja ni mtu mzima, amejifunga kitambaa kichwani na kuvaa buti za kazi. Mwingine ni kijana kidogo, ana begi la kompyuta mgongoni na mfuko wa vyakula vyao vya mchana. Mlinzi anawaona kwa mbali na kuanza kucheka kabla hawajafika.

"Leo mnaongea?" anawauliza.

"Leo tunaongea," anajibu yule mkubwa. "Ya kesho muulize mkwe wangu."

Ndani ya geti wanaachana. Mkubwa, ambaye kiwanda kizima kinamwita Mama Tanuri, anaingia moja kwa moja kwenye ukumbi wa tanuri, mahali ambapo mabamba ya sponji huokwa kabla ya kukatwa soli za viatu. Mdogo anapanda ngazi ya chuma hadi kwenye chumba kidogo kilichojengwa juu ya ukumbi huo, chenye dirisha la kioo linalotazama chini. Mlangoni mtu amemwandikia kwa kalamu nzito: MODO.

Modo si jina lake, na wala hajawahi kupanda jukwaa la mitindo. Kazi yake ni kutengeneza modeli, yaani kuiambia kompyuta ifanye kwa hesabu kile ambacho tanuri hufanya kwa moto. Lakini siku alipopelekwa kwa wakwe kutambulishwa, kabla hajaajiriwa hapa, aliulizwa amesomea kazi gani, akajibu kwa heshima zote, "Kutengeneza modeli." Mama wa mchumba wake akamtazama kuanzia utosini hadi kwenye vidole vya miguu. Halafu akamwita mwanawe jikoni na kumuuliza kwa sauti ambayo ukuta haukuizuia, "Modo wa nguo gani, na miguu ile?"

Mama wa mchumba alikuwa Mama Tanuri. Hadithi ile ilifika kiwandani kabla ya bibi harusi, na jina likaganda.

"Nimelizoea," anasema Modo huku akiwasha feni iliyopoteza kava lake. "Siku wakiniita jina langu la shule nitadhani nimefukuzwa kazi."

Chumba chake ni kidogo kiasi kwamba mgeni akikaa, mwenyeji anabaki amesimama. Kuna kompyuta mbili, darubini ya kuangalia vitu vidogo, na vipande vya soli vilivyokatwa katikati, vimepangwa dirishani kama sabuni dukani. Kwenye rafu kuna chupa ya unga mweupe, mfuniko wake umezungushiwa utepe. Mgeni asiyejua angeweza kuutia kwenye chai.

Unga huo ndio moyo wa kiwanda. Modo anachukua chembe zake kwa ncha ya kijiko, anazitia kwenye mrija mwembamba wa kioo na kuuweka juu ya kisahani cha moto. Kwa muda hakuna kinachotokea. Halafu unga unaanza kupanda. Unapanda bila kelele, unaujaza mrija, unasukuma hadi karibu na mdomo. Mwandishi wa makala haya alirudi nyuma, na Modo akacheka.

"Humo ndani kuna vifuko vingi sana, huwezi kuvihesabu," anaeleza. "Kifuko kimoja ni kidogo kuliko chembe ya unga wa ngano. Kina ganda la plastiki, na ndani yake kuna tone la kimiminika, ndugu yake na ile gesi ya kiberiti cha gesi. Ukikipa moto, ganda linalainika na lile tone linageuka gesi. Gesi inataka nafasi. Basi kifuko kinavimba."

Ni kama bisi, anaambiwa. Anakubali, lakini anaongeza kwamba bisi ikishapasuka imemaliza kazi, na kifuko chake hakitakiwi kupasuka. Kinatakiwa kivimbe kibaki hivyo hivyo, ili bamba la plastiki lijae hewa na soli iwe nyepesi mguuni. Anausogeza mrija tena kwenye moto na kuuacha hapo makusudi. Unga uliokuwa umepanda unaanza kushuka, unanywea, unabaki robo.

"Umeona? Sasa umelala," anasema. "Gesi imetoka kupitia kwenye ganda, na ikishatoka hairudi. Moto kidogo, haviamki. Moto mwingi, vinalala. Katikati hapo pembamba ndipo mimi ninapokula mkate wangu."

Kama kifuko kingekuwa peke yake kazi ingekuwa rahisi. Lakini ndani ya bamba kimebanwa na plastiki nzito iliyoyeyuka, na kila kimoja kina jirani yake. "Kifuko kinataka kutanuka, plastiki haitaki. Jirani naye anasukuma kutoka upande wa pili. Mimi kazi yangu ni kuuhesabu ule ugomvi," anasema. Kwenye kompyuta anaweza kuoka bamba moja mara nyingi kwa siku bila kuchoma chembe ya plastiki. Chini ukumbini, kila jaribio linakula malighafi na kusimamisha kazi ya watu.

Ugomvi wa hewa aliujua mapema. Baba yake alikuwa fundi wa kuziba pancha, na yeye ndiye aliyekuwa anazamisha mipira ya baiskeli kwenye karai la maji kutafuta mapovu yanakotokea. Chuoni alisomea uhandisi wa kemikali. Alipomaliza alikaa miaka miwili bila ajira, akifundisha hesabu watoto wa majirani, huku akiambiwa kila mahali kwamba watampigia simu.

Waliompigia ni kiwanda cha soli, tena kwa kazi ya kubonyeza soli kwa mashine na kuandika zinarudi kwenye umbo lake kiasi gani. Alibonyeza soli kwa muda mrefu. Jioni alibaki na kompyuta ya ofisi akijitengenezea modeli ya tanuri mwenyewe, hadi meneja wa uzalishaji alipogundua kwamba yule binti wa kubonyeza soli anaweza kusema bamba litatoka na unene gani kabla halijaingia tanurini. Ndipo akapewa chumba cha juu. Mshahara, anasema, unatosha kodi ya nyumba na mahitaji, na unaobaki haugombaniwi na mtu.

Mama mkwe wake alianza kazi ukumbini hapo wakati mume wa Modo bado ananyonya. Alimlea yeye na dada zake kwa kusimama mbele ya tanuri, peke yake, baada ya baba yao kufariki. Wasimamizi wamekuja na kuondoka. Yeye ndiye anayeingiza mabamba, anayeyatoa, na anayeweka kiganja juu yake na kusema hili sawa, hili bado. Kwa hiyo kwa miaka michache nyumba moja ilikuwa na wataalamu wawili wa sponji, wanakula meza moja na kwenda kazini njia moja.

"Walikuwa wananichosha," anasema mume wa Modo, fundi wa majokofu. "Mimi nimerudi na njaa, wao wanabishana kuhusu mapovu."

Halafu mwaka jana mabamba yakaanza kubonyea katikati.

Yalitoka tanurini yakiwa na bonde. Soli zilizokatwa humo zilibonyea kisigino baada ya wiki chache za kuvaliwa, na maduka yakaanza kurudisha mzigo. Nyuma ya ukumbi rundo la mabamba mabovu likafika dirishani. Mama Tanuri alishasema lake tangu siku ya kwanza: unga ni mbovu, aliyeuleta ameuziwa takataka. Alilisema kwa kila aliyepita, akiwemo mtu aliyekuja kusoma mita ya maji.

Meneja alitaka jibu lisilo la mdomo. Akapanda juu kwa Modo na kumwambia, "Ulize kompyuta yako, ni unga au ni tanuri?"

Modo akashuka na karatasi yake hadi ukumbini. Alihitaji kujua bamba linakaa motoni muda gani. Akamuuliza mama mkwe wake mbele ya wafanyakazi wenzake, kwa adabu, swali ambalo mtu yeyote angeliuliza: "Mama, bamba linaiva baada ya muda gani?"

Mama Tanuri alifurahi kuulizwa mbele za watu. Akajibu bila kusita, "Dakika ishirini, mwanangu. Pungufu ya hapo halijaiva."

Modo akaandika ishirini. Akapanda juu, akaziingiza kwenye modeli, akabonyeza kitufe na kwenda kunywa chai.

Kwenye skrini yake, kifuko kilichovimba vizuri huonyeshwa kwa rangi ya buluu, na kilicholala, yaani kilichopoteza gesi yake, kwa nyekundu. Aliporudi na kikombe mkononi, bamba zima lilikuwa jekundu. Hakuna unga duniani ambao ungestahimili moto ule kwa dakika ishirini. Jibu lilikuwa wazi: mabamba yanapitishwa moto, na kosa liko kwenye tanuri.

"Sikuandika jina la mtu," anasema Modo, na hapa sauti inashuka. "Niliandika tanuri. Lakini tanuri ni moja, na anayesimama pale ni mmoja. Nilikuwa najidanganya nani?"

Meneja alitangaza siku hiyo hiyo. Mwisho wa mwezi Mama Tanuri atahamia kwenye kufungasha, na tanuri litapewa mtu mwingine. Mshahara haukuguswa. Kwa wengine ungekuwa uhamisho wa kawaida, tena wa kukaa kwenye kiti. Kwake ilikuwa ni kuambiwa mbele ya watoto aliowafundisha kazi kwamba mikono yake imeharibika.

Nyumbani Modo alisubiri matusi, hayakuja. Mama mkwe wake alipika kama kawaida, akapakua kama kawaida, akamsogezea sahani na kusema, "Karibu, mtaalamu."

Basi. Tangu siku aliyoolewa alikuwa "mwanangu". Sasa akawa "mtaalamu", asubuhi na jioni, kwa upole kabisa.

"Angenitukana ningelala," anasema Modo. "Lile neno lilikuwa linaniingia hapa," na anagusa chini ya mbavu. "Namwamkia, shikamoo mama. Ananijibu, marahaba mtaalamu. Nilikuwa naenda kulia bafuni, nafungulia maji wasisikie."

Kwenda kazini mkubwa alianza kutangulia. Siku ambazo walitoka pamoja kwa bahati mbaya, mmoja alitembea upande huu wa barabara na mwingine upande ule, na mlinzi aliwafungulia geti mara mbili. Mume hakujua aegemee wapi. "Kazi yangu ni kutengeneza majokofu ya watu," anasema. "Mwezi ule nyumba yangu ilikuwa ya baridi kuliko yote niliyowahi kufungua, na sikujua pa kuweka bisibisi."

Modo angeweza kukaa kimya. Ripoti ilishapokelewa, na hakuna aliyemdai zaidi. Lakini kuna kitu kilikuwa kinamkera tangu wiki ya kwanza. Kama vifuko vyote vimelala kama modeli ilivyosema, bamba lilipaswa kuwa limenywea lote, juu mpaka chini. Mabamba yaliyokuwa kwenye rundo yalibonyea katikati tu. Akaenda nyuma ya ukumbi, akachukua moja, akalikata na kuliweka chini ya darubini.

Upande wa juu vifuko vilikuwa vimevimba, vingine vimeanza kunywea. Upande wa chini alikuta vifuko vidogo, viduara, vizima kabisa, kama vilivyotoka kwenye chupa. Havikuwa vimelala. Havikuwahi kuamka.

"Modeli inasema vyote vimepata moto kupita kiasi. Bamba linasema vingine havijauonja kabisa," anasimulia. "Mmoja kati yao ni mwongo. Na bamba halijui kusema uongo."

Kesho yake alishuka ukumbini na saa, akasimama pembeni ya tanuri kuanzia asubuhi. Akaamkia. Akajibiwa, marahaba mtaalamu. Hakuna aliyemkaribisha kiti.

Aliona bamba likiingia. Akaanzisha saa. Akaliona likitoka, likibebwa na trei yake hadi kwenye meza ndefu yenye feni, na akadhani limekwisha. Lakini hakuna aliyeligusa. Mama Tanuri aliendelea na shughuli nyingine, akarudi, akaweka kiganja, akatikisa kichwa. Akaenda tena, akarudi, akaweka kiganja. Mara ya tatu akainua sauti: "Imeiva!" Vijana wawili wakaja na kulibandua bamba kutoka kwenye trei.

Modo akatazama saa. Dakika ishirini. Kati ya hizo, kumi na mbili zilikuwa za tanurini. Nane zilikuwa za mezani, kwenye feni.

Akamsogelea mama mkwe wake. Mazungumzo yaliyofuata wafanyakazi wa pale wanayaigiza mpaka leo wakati wa chakula, kwa sauti zote mbili.

"Mama, ina maana linaiva hapa? Mezani?"

"Ulitaka liive wapi?"

"Mimi nilijua linaiva ndani, kwenye moto."

"Ndani linapikwa, mtaalamu. Likipoa lisishike mkono, ndiyo limeiva. Ukilibandua la moto litakuja na trei yake mpaka nyumbani."

Modo alikaa juu ya kreti tupu na kushika kichwa. Kwa dakika nane nzima, kompyuta yake ilikuwa imeendelea kuliunguza bamba ambalo katika dunia ya kweli lilikuwa linapepewa.

Ni rahisi kumcheka, na mwandishi alicheka. Lakini ni nani kati yetu angeuliza vingine? Chakula kinaiva jikoni, na sufuria ikiepuliwa mambo yamekwisha. Ukumbini kwa Mama Tanuri neno hilo lilishahamia mezani zamani, na kwa kuwa wote pale walilitumia hivyo, hakuna aliyejua kwamba linahitaji kuelezwa. Alijibu kweli tupu. Modo naye aliandika kweli tupu. Uongo ulikuwa katikati yao, na hakuna aliyeuona.

Siku hiyo aliiendesha modeli upya kwa dakika kumi na mbili. Skrini ikaanza kufanana na kile alichokiona kwenye darubini, lakini bado haikukaa sawa. Bamba halisi lilikuwa na baridi zaidi chini, na moto zaidi juu, kuliko hesabu zake. Yapo mambo ambayo hakuyajua, na anayeyajua alikuwa anamwita mtaalamu.

Baada ya chakula cha mchana alimfuata na kumwomba apande juu. Katika miaka yote ile Mama Tanuri alikuwa hajawahi kukanyaga ngazi ile. Alipanda ameshika chuma, anapumua kwa nguvu, akakaa kwenye kiti pekee na kusema, "Haya, nionyeshe hayo mashtaka."

Modo akaanza na kosa lake. Akamwambia dakika nane zilikuwa kosa lake, siyo la tanuri, na kwamba ripoti ile aliikosea. Halafu akamwonyesha bamba kwenye skrini. "Hapa chini vifuko havijaamka, mama. Kuna kitu kinakunywa moto. Chini ya bamba kuna nini?"

"Chini kuna trei tu."

Wakatazamana. Trei zilikuwa mpya. Zile za zamani, nyembamba, zilishapinda, na kiwanda kikanunua nyingine za chuma kinene, imara, zinazopangwa mlangoni kwenye upepo hadi zinapohitajika. Kwenye modeli ya Modo unene ulioandikwa bado ulikuwa wa zile za zamani. Ukumbini nako mabamba yaliwekwa juu ya chuma baridi kama kawaida, na nusu ya moto wa chini ilikuwa inaishia kwenye trei, hasa katikati, mbali na ukingo unaowahi kupata moto.

Mama Tanuri akapiga makofi mara moja. "Kikaango baridi!" akasema. "Mimi huyu, nisiyeweza kuweka kitunguu kwenye kikaango baridi!"

Lilibaki la juu. Modo anasema hapo ndipo ulimi ulipokuwa mzito. "Nikamwambia, mama, na huku juu moto ni mwingi kuliko ulioandikwa kwenye tanuri. Akainamia buti zake. Nikajua."

Mama Tanuri haoni aibu kulisema leo, ila analisema akitazama pembeni. "Niliongeza. Kidogo. Niliona yanadumaa, nikasema niyasaidie. Sikumwambia mtu kwa sababu nilijua watasema mzee ameshindwa. Kumbe nachoma juu na chini hakujaamka."

Kwa hiyo mashtaka yalikuwa na chembe ya ukweli, na hilo ndilo lililofanya jambo liwe gumu. Modo angeenda kwa meneja kusema kosa lake na habari ya trei, swichi ya moto ingejitokeza tu. Alimwambia mama mkwe wake kwamba yuko tayari kunyamaza. Uhamisho ungebaki, lakini siri ingebaki pia.

"Nikamwambia, we mtoto hebu acha," anasema Mama Tanuri. "Nenda kaseme lako. Na mimi nitasema langu."

Meneja anaikumbuka alasiri ile vizuri. "Waliingia wote wawili. Nikajua wamekuja kugombana mbele yangu, nikaanza kutafuta pa kujificha. Kumbe kila mmoja amekuja kujishtaki. Huyu anasema kosa langu, yule anasema la kwangu. Ikabidi niwaombe waseme kwa zamu."

Hakufuta uhamisho palepale. Aliwapa siku moja ya tanuri: trei zipashwe moto kwanza, swichi irudishwe mahali pake, na muda ufuatwe kama modeli inavyosema. Mabamba yakitoka mazuri, atafikiria upya. Yakitoka na bonde, Mama Tanuri anakwenda kufungasha na mjadala umefungwa.

Siku hiyo kila mwenye kisingizio cha kupita ukumbini alipita. Trei zilikuwa zimepashwa. Bamba la kwanza likaingia. Modo alisimama karibu na meza, saa mkononi. Bamba likatoka, likawekwa kwenye feni. Mama Tanuri akaweka kiganja. Akasubiri. Akaweka tena. Watu wa kufungasha wakasogea karibu.

Akageuka. Akasema, "Mwanangu, njoo ushike."

Modo hakushika kitu. Alilia pale pale, mbele ya meneja na watu wa kufungasha. Ilibidi mama mkwe wake amshike mkono na kuuweka juu ya bamba yeye mwenyewe. Lilikuwa vuguvugu, na lilikuwa tambarare. Walipolikata katikati, mapovu yalilingana juu mpaka chini.

Tusitie chumvi. Mabamba kadhaa yaliyofuata yalitoka yamejikunja ukingo mmoja, na Modo alirudi juu kurekebisha hesabu mara kadhaa kabla rundo la nyuma halijaacha kukua. Mama Tanuri alipewa onyo kwa ajili ya swichi. "Nililipata na nililistahili," anasema. Lakini karatasi ya uhamisho ilichanwa, na aliyeichana ni meneja mwenyewe, mbele ya tanuri.

Kilichobaki ni utani. Kiwandani pale sasa mtu hawezi kusema kitu kimeiva bila kuulizwa, "Kwa tanuri au kwa meza?" Mlinzi anauliza hivyo hata kuhusu chai yake.

Modo ameuchukua utani huo kama kazi. Ukutani kwake kuna maneno yaliyoandikwa kwa herufi kubwa: kuamka, kuvimba, kulala, kupikwa, kuiva. Kila moja limeelezwa maana yake kwa lugha ya ukumbini, na kila moja limepitishwa na mama mkwe wake, ambaye alilikataa la "kulala" mara mbili. Ndoto yake ni kuweka skrini ndogo ukutani kando ya tanuri, ili anayeoka aone vifuko vinafanya nini ndani ya bamba linapokuwa motoni, kwa maneno anayoyatumia yeye.

"Nilikuwa nakaa juu nawatazama kupitia kioo," anasema. "Nataka na wao watazame kupitia kioo changu. Nikikosea, waniambie kabla sijamchongea mtu."

Ana mpango mwingine, ambao anausema kwa sauti ya chini ili usisikike ukumbini. Anatengeneza modeli ya soli yenye vifuko vingi zaidi sehemu ya kisigino, iwe laini pale uzito unapokaa. Jozi ya kwanza imeshapangwa. Ni saizi ya mama mkwe wake, ambaye visigino vyake vimesimama mbele ya moto tangu mumewe Modo hajaota meno.

Jioni wanatoka tena pamoja. Mlinzi anafungua geti mara moja tu. Mama Tanuri anakaribia umri wa kustaafu, na mwandishi anamuuliza kama ameshafikiria lini atapumzika.

"Nikiiva," anajibu.

"Kwa tanuri au kwa meza, mama?" anadakia mkwe wake.

Mama mzima anasimama katikati ya njia, anamwegemea, na anacheka hadi kitambaa kinamlegea kichwani.

"Kwa meza, mwanangu," anasema. "Nikitoka motoni, mniache nipoe taratibu. Ndiyo mnibandue."

Halafu wanavuka barabara, wote upande mmoja.